Maji yanatokea pembeni ya bomba la bwawa letu la kuzuia mafuriko. Tuzibe au tuache?

MkaaBondeni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kabla mvua kubwa hazijaanza.

Tuna bwawa dogo la udongo lililojengwa zaidi ya miaka 40 iliyopita kwa ajili ya kupunguza makali ya mafuriko. Tuta lina kimo cha mita 5 hivi. Chini yake limepita bomba la zege, na ubavuni kuna utoro wa maji, yaani njia ya kupunguzia maji bwawa likijaa mno. Halikujengwa kuhifadhi maji: mvua ikinyesha linajaa, kisha bomba linayatoa polepole kwa siku mbili tatu mpaka likauke. Bondeni chini ya tuta kuna nyumba, yangu ikiwamo.

Miaka ya karibuni watu wakaona ni hasara kuyaacha maji yaende. Wakaweka mbao kwenye mdomo wa bomba, baadaye mbao nyingine kwenye utoro, ili maji yakae mpaka kiangazi. Sasa halikauki. Wiki iliyopita nilipita chini ya tuta nikaona majani karibu na tokeo la bomba ni mabichi kuliko mengine yote. Nilipokanyaga, mguu ulizama mpaka kifundoni. Maji yalikuwa yanabubujika taratibu, kama shibiri mbili kutoka kwenye bomba.

Kwenye kamati wanasema tushindilie udongo wa mfinyanzi na saruji palepale. Wengine wanataka pia tukate miti miwili mikubwa iliyoota kwenye tuta. Mimi moyo unasita. Tufanyeje?

Shindilia

Pole mkuu. Mimi nimeziba matangi na mifereji mingi. Chimbeni hapo panapotoka maji, jazeni mfinyanzi, shindilieni vizuri, juu mwageni zege. Yatakoma. Msichelewe tu.

FunditaMatuta

Mkuu Shindilia, najua umesema kwa nia njema, lakini naomba ushauri huo usifuatwe. Tuta la udongo si tangi.

Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Kinachoua tuta ni maji yanayotoka yamebeba udongo. Chembe moja ikitoka, nafasi inabaki. Maji yanapata njia rahisi zaidi, yanaongeza kasi, yanabeba chembe nyingine. Tundu huanzia upande wa chini, pale maji yanapotokea, na kurudi nyuma ndani ya tuta kuelekea kwenye bwawa. Likifika huko, mnaweza kubakiwa na saa chache tu.

Sasa ukiziba mwisho wa njia hiyo kwa mfinyanzi, maji hayaachi kusukuma. Shinikizo linapanda nyuma ya kizibo, maji yanatafuta pengine pa kutokea, na safari hii huenda msipaone. Panapotoka maji panawekwa chujio: mchanga safi kwanza, juu yake kokoto ndogo, juu kabisa mawe ya kuulemea mchanga usinyanyuke. Maji yapite, udongo ubaki.

Na kwamba ni pembeni ya bomba, hapo ndipo mimi nimeshtuka. Udongo unaozunguka bomba ni mgumu kushindilia, hasa chini ya tumbo lake, kwa hiyo maji hupenda kutambaa pale. Viungo vya bomba la zege la miaka 40 navyo huachana. Mabwawa mengi madogo yamekatika kwa kufuata bomba.

Kabla ya lolote, naomba ufanye mambo mawili leo. Chukua chupa nyeupe ya kuonyesha ndani, kinga maji yale, iache imetulia mpaka kesho, kisha utazame kitako chake. Halafu panda juu ya tuta, tembea ukifuata mstari wa bomba kutoka upande wa maji hadi upande wa chini, uangalie kama kuna mahali ardhi imedidimia. Hata kama ni kidogo, hata kama majani yamepafunika.

MtunzaKumbukumbu

Mimi nataka kusema kuhusu zile mbao, maana naona zimepita kama jambo dogo.

Bwawa la kuzuia mafuriko lina kazi likiwa tupu. Nafasi iliyo wazi ndiyo inayowalinda. Mkilijaza kabla ya mvua, mvua ikija halina pa kuiweka. Na zile mbao za kwenye utoro ni mbaya kuliko za kwenye bomba. Utoro ndio unaohakikisha maji hayapiti juu ya tuta. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, yanakwangua upande wa chini kama mtu anayekata keki, na huwezi kuyazuia.

Someni habari za Johnstown, Pennsylvania, Marekani. Bwawa la udongo la South Fork, juu ya mji huo, lilikuwa limegeuzwa ziwa la starehe na uvuvi. Mabomba ya kutolea maji yalikuwa yameng'olewa na hayakurudishwa. Mgongo wa tuta ulipunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite, na kwenye utoro ziliwekwa nyavu za chuma ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba nyavu zile, maji yakapita juu. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Kila badiliko, lilipofanywa, lilionekana la maana kwa aliyelifanya, kama mbao zenu zinavyoonekana.

Siwalaumu wanaotaka maji ya kiangazi. Shida yao ni ya kweli. Lakini waombe bwawa lao la kuhifadhi, lenye tuta na utoro uliopimwa kwa kazi hiyo. Hili waliache lifanye lake.

MkaaBondeni

Nimerudi wakuu, na sina habari njema.

Chupa nimeiangalia asubuhi hii. Juu maji ni maangavu, lakini chini kuna utepe wa kijivu, unene kama wa ukucha. Nimeugusa kwa kidole: laini kama unga.

Na juu ya tuta, katikati ya mteremko wa upande wa chini, kwenye mstari wa bomba, kuna mahali pamebonyea mfano wa karai. Nimepita hapo miaka yote, sikuwahi kupaona. Nilipochoma fimbo, iliingia mpaka nusu bila kusukuma.

FunditaMatuta

Ahsante kwa kuangalia. Mkuu, sasa hili si suala la kamati kukaa na kujadili. Maji yenye udongo pamoja na ardhi iliyobonyea juu ya bomba maana yake kuna uwazi ndani. Piga simu leo kwa mamlaka inayosimamia maji na usalama wa mabwawa huko uliko, useme maneno hayo hayo mawili: udongo kwenye maji, shimo juu ya bomba. Watakuelewa.

Wakati mnawasubiri, shusheni maji. Anzeni na mbao za utoro, moja moja kutoka juu, baada ya kuwaambia watu wa bondeni kwamba mkondo utaongezeka. Za kwenye bomba msiziguse kwanza. Bomba lenyewe ndilo linaloshukiwa. Ukilijazia maji, viungo vilivyoachana vinaweza kuumwagia udongo maji kutoka ndani. Tafuteni mipira mikubwa ya kufyonza, ijazwe maji, ipitishwe kwenye utoro, na mwisho wake umwage mbali na mguu wa tuta. Maji yatajivuta yenyewe. Kimo ambacho mpira unapandisha maji kisizidi uwezo wake: kutoka uso wa maji hadi sehemu ya juu kabisa unapopita, pasizidi mita 6.

Kwa kawaida tunashusha maji taratibu, karibu futi moja kwa siku, kwa sababu upande wa ndani uliolowa unaweza kuporomoka ukinyang'anywa maji ghafla. Kwenu hali ikizidi kuharibika, hatari ya kuporomoka ni ndogo kuliko ya kukatika, mtashusha kwa kasi yoyote mnayoweza. Ila mtaalamu akiwapo, aamue yeye.

Shimo msilifukie, msilichimbe, mtu asisimame juu yake. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976, wafanyakazi walipeleka matingatinga mawili kusukuma udongo kwenye tundu. Yote mawili yalizama, na tuta likakatika kabla ya saa sita mchana, siku ileile walipoona maji ya tope yakitoka. Lile lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 90, nanyi mna 5. Tundu linakula tuta kwa namna ileile.

Shindilia

Nimesoma yote. Nafuta ushauri wangu wa juu, nisamehe mkuu. Swali: na ile miti?

FunditaMatuta

Hakuna cha kusamehe, wengi tungesema hivyo. Miti isikatwe sasa. Mti mkubwa ukifa, mizizi inaoza na kuacha mirija ndani ya tuta. Huondolewa bwawa likiwa kavu, visiki vikang'olewa pamoja na mizizi mikubwa na mashimo yakajazwa udongo wa kushindiliwa kwa matabaka. Kuanzia hapo ni majani mafupi tu, ili mtu aone panapolowa na panapochimbwa na wanyama.

JiraniwaMto

Mkuu MkaaBondeni, mimi nauliza kuhusu watu. Usiku huu nani anaangalia? Bwawa la Solai, Kenya, lilikatika usiku wa tarehe 9 Mei 2018, na watu zaidi ya 40 walikufa. Usiku mtu hajui akimbilie wapi. Pangeni zamu mbili mbili, wakae pembeni penye ardhi ya asili, wasikae juu ya tuta wala chini yake. Wawe na tochi, na mti uliochorwa alama za kuonyesha kina cha maji. Kila nyumba ijue ishara moja ya kuondoka na ijue mlima wa kupanda. Wazee na wagonjwa wahamishwe mapema, wasisubiri ishara.

MkaaBondeni

Nimepiga simu, wamesema mhandisi anakuja kesho asubuhi, na wamekazia kama hapa: tusizibe. Mbao tatu za utoro zimetoka. Aliyeziweka ndiye aliyezitoa kwa mkono wake, nami namshukuru. Mipira miwili imeanza kuvuta saa kumi jioni. Alama kwenye mti inaonyesha maji yameshuka kiganja kimoja. Mama yangu na majirani wawili wasioweza kutembea wameshapelekwa juu.

Naingia zamu ya kwanza sasa hivi. Chupa ya pili nimeikinga, nitaisoma alfajiri niwaletee majibu.