Shangazi wa sanduku: tumheshimu vipi bila kumpa kazi nyingine?

Cherehani_Ngamiani (mwanzisha mada)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Naandika kutoka Tanga. Nina kibanda cha kushona hapa Ngamiani, na ni katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tupo wanawake 27 na wanaume wawili ambao hawapendi kutajwa.

Mweka hazina wetu tunamwita Shangazi. Hana udugu wa damu na yeyote kikundini, lakini mtaa mzima unamwita hivyo, hadi watu wazima kuliko yeye. Ameshika sanduku letu tangu 2011. Wanaojua vikundi hivi wanajua sanduku lina makufuli matatu na funguo wanazo watu watatu tofauti. Yeye hana hata mmoja. Ila sanduku lenyewe linalala kwake, uvunguni mwa kitanda.

Tunakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, uani kwake. Kabla kufuli la kwanza halijaguswa anauliza, "Tulifunga na ngapi?" Hapo sote, hata mwenye mtoto anayelia mgongoni, tutaje kwa sauti kiasi tulichofunga nacho wiki iliyopita, cha hisa na cha mfuko wa jamii, yaani ule wa kusaidiana. Akikuuliza peke yako ukakosea, faini shilingi 200. Kisha anaanza kuhesabu. Ana kipande cha sponji alichokilowesha kwenye kifuniko cha chupa ya chai, anagusa kidole, anavuta noti. Sarafu anazipanga kumi kumi kwenye pindo la kanga yake. Siku moja hesabu ilipungua shilingi 2,000. Tulikaa mpaka adhana ya magharibi, hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Noti ikaonekana imenata nyuma ya kitabu cha mwanachama mmoja aliyekuja anakula ubuyu.

Hiyo ni Jumamosi. Jumatano anazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba wake, maana ni mhudumu wa afya wa kujitolea. Ana ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo. Mwanangu wa pili alimpima akaangukia njano. Mimi nilikuwa nikisema mtoto mwembamba kama baba yake. Shangazi hakubishana na mimi, alikaa jikoni kwangu akasonga uji wenye karanga na dagaa wa kusaga, akamlisha mwenyewe, na Jumatano iliyofuata akarudi, na iliyofuata, miezi miwili. Siku utepe uliposoma kijani alisema tu, "Haya, sasa afanane na baba yake kwa sura."

Sasa tumechanga shilingi 580,000 za kumheshimu. Si fedha za sanduku, hizi tumetoa mifukoni. Na hapo ndipo tulipogawanyika. Kundi moja linataka sherehe, ukumbi, keki, mshereheshaji na sare ya kitenge. (Sare ningeshona mimi, kwa hiyo mjue napinga kitu ambacho kingeniingizia hela.) Kundi la pili linataka ngao ya kioo yenye jina lake.

Nasita kwa sababu nimeshaona. Miaka miwili iliyopita, Siku ya Wanawake, taasisi moja nisiyoitaja ilimwita ikampe cheti. Nauli yake mwenyewe. Aliambiwa saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akafika saa saba. Jina la baba yake kwenye cheti limekosewa, yaani kwa mujibu wa karatasi ile Shangazi ni binti wa mzee mwingine kabisa. Akapigwa picha, akapewa soda, akarudi. Cheti kile leo kinafunika mtungi wa maji. Nilipomuuliza akaniambia, "Karatasi nzito ile, haipeperuki."

Na jingine. Kwenye shughuli yoyote ya mtaa, anayeamka alfajiri kuchambua mchele ni yeye. Nikimwambia Shangazi tunakufanyia sherehe, atauliza sufuria zipo ngapi.

Mngekuwa ninyi mngefanya nini?

Mdau_MnaziMmoja

Marahaba, katibu. Mimi neno langu ni moja, fanyeni angali anasikia.

Biashara yangu iko karibu na Barabara ya Bibi Titi Mohamed hapa Dar. Vijana wa bodaboda wanaitaja mara hamsini kwa siku. Waulize alikuwa nani, watakwambia mwanasiasa. Mama yule kabla ya siasa alikuwa mwimbaji kwenye kundi la ngoma lililoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilipoanzisha tawi la wanawake wakamkabidhi yeye, naye akaanzia kwenye vikundi vya ngoma. Wanawake walikuwa tayari wanajua kuitana, kuchangishana na kutunza siri. Yeye akawapelekea kadi za chama. Kikundi chenu na sanduku lake hakiko mbali na mambo yale.

Baadaye mkajua yaliyomkuta. Alikosa ubunge wa Rufiji 1965, akakamatwa 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972. Miaka mingi hakuna aliyemtaja hadharani. Mpaka nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, 1991, ndipo watu wakaanza tena kusema mama huyu ni shujaa. Alifariki Novemba 2000, Johannesburg.

Na wale akina mama wenziwe wa vikundi vya ngoma, unawajua wangapi kwa majina? Ndiyo maana nasema, wewe ni katibu. Keti na kila mwanachama, aseme jambo moja alilofanyiwa na Shangazi, uandike kwenye kitabu cha mihtasari kwa tarehe. Ile ya uji wa dagaa iwe ya kwanza. Na jina la baba yake uliandike sawasawa.

kaka_bati

Mpeni hela taslimu. Mengine mbwembwe.

Cherehani_Ngamiani

@kaka_bati tukimpa taslimu zitaingia mfuko wa jamii kabla hatujavuka mlango wa ua. Amewahi kufanya hivyo na zawadi ya harusi ya mwanawe.

@Mdau_MnaziMmoja ahsante sana mkuu. Hilo la kuandika nimeanza jana. Wa kwanza niliyemfuata alilia, ikabidi nirudi kesho yake.

Mkulima_Nyeri

Hamjambo ndugu zangu wa Tanga. Huku kwetu Nyeri tuna mfano wa kuwapa, maana Wangari Maathai, yule mama wa harakati za kupanda miti Kenya, alizaliwa huku.

Watu husahau kwamba ile miti saba ya kwanza aliyopanda na wenzake Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, ilipandwa kwa heshima ya viongozi wa zamani wa jamii mbalimbali. Kwa hiyo wazo la kumheshimu mtu kwa mti lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini ninachopenda zaidi ni hiki: kina mama waliootesha miche walilipwa kitu kidogo kwa mche ulioshika na kuendelea kuishi. Kuuchomeka tu ardhini hakukuhesabiwa. Yaani kazi yao ilithaminiwa pale inapozaa. Kwa sherehe nyingi za Siku ya Wanawake nilizohudhuria, anayethaminiwa ni mgeni rasmi.

Na alipofariki Septemba 2011, alikuwa ameacha neno kwamba asizikwe kwa jeneza la mbao. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na yale magugumaji ya ziwani. Familia wangeweza kununua jeneza la mbao ghali kabisa na watu wangesema wamemheshimu. Sasa nyinyi mmemuuliza huyo Shangazi anataka nini? Nimesoma swali lako mara mbili, sijaona mahali alipoulizwa.

Mchunguzi_Huru

Samahani nitaharibu shughuli. Tangu 2011 mtu mmoja ndiye mweka hazina? Katiba ya kikundi inasemaje? Kwetu mweka hazina alikuwa mcha Mungu, mpole, kila mtu mama yangu mama yangu. Tuliamka siku ya kugawana akawa hayupo, na sanduku nalo halipo. Simtuhumu wa kwenu. Lakini ngao na keki visije vikawa namna ya kusema uchaguzi hauhitajiki.

kaka_bati

Huyu naye. Watu wanaongelea heshima yeye analeta polisi.

Cherehani_Ngamiani

Hapana, mwacheni. Amenigusa pabaya, na nimekaa na simu nusu saa nikitafuta la kumjibu.

Katiba yetu inasema tuchague viongozi kila tukianza mzunguko mpya, yaani kila mwaka baada ya kugawana. Na tunachagua. Inachukua dakika mbili. Mwenyekiti anauliza, "Mweka hazina je?", tunasema "Shangazi!", tunapiga makofi, tunaendelea na chai.

Nimefungua kitabu cha mihtasari usiku huu. 2019, maandishi yangu mwenyewe: "Mweka hazina aliomba apumzike. Wanachama walikataa kwa shangwe." 2022 tena: "Mweka hazina aliomba apatikane mwingine. Wanachama walicheka." Nimeandika hivyo kwa mkono wangu na sikuona kitu.

Mama_Zahanati

Mwanangu katibu, mimi ni muuguzi mstaafu, nipo Muheza. Nimefanya kazi na wahudumu wa kujitolea kama huyo miaka mingi, na nina maswali mawili.

Kwanza, anapohesabu noti anazisogeza karibu na uso? Na utepe ule anausomea mlangoni penye mwanga? Akiwa anafanya hivyo, mpelekeni akapimwe macho kabla ya ukumbi na keki.

Pili, sanduku likiwa uvunguni kwake, yeye analala wapi akisafiri? Usinijibu haraka. Mwenye kulaza fedha za watu hasafiri. Haendi msibani akalala, haendi kuuguza. Watu wanasema hodari hatoki kwake, kumbe amefungwa mguu kwenye kitanda.

Ushauri wangu: apatikane mwingine, mdogo, akae kando yake mzunguko mmoja ajifunze kuhesabu. Ila sanduku lihame mapema. Na msimwondoe kwa siri mkadhani mnamfurahisha. Ombeni ruhusa, mbele ya watu wote. Amewalea, si kibarua wenu.

Cherehani_Ngamiani

Mama, shikamoo. Noti anazisogeza. Nilidhani ni madaha yake ya kuhesabu.

Ana dada yake mkubwa Pangani. Ni mwendo wa asubuhi na kurudi, na ndivyo anavyoenda siku zote, asubuhi na kurudi. Nimemuuliza mwanawe mara ya mwisho mama kulala Pangani ilikuwa lini. Akahesabu, akasema kabla ya yeye kuanza sekondari. Yule kijana sasa ana watoto wawili.

Mkulima_Nyeri

Basi muulizeni. Na uturudishie jibu, usitutupe.

Cherehani_Ngamiani

Narudi kama nilivyoahidi, zimepita wiki tano.

Tulimuuliza Jumamosi, baada ya hesabu, sanduku likiwa limeshafungwa. Mwenyekiti alisema maneno mengi ya utangulizi mpaka Shangazi akamkata, "Nani kafa?" Tukamwambia tuna 580,000 zako na tunataka kujua unapenda nini. Alikaa kimya. Halafu akasema, "Mnaniuliza kweli au mnanipa keki?"

Alitaka vitu viwili. Sanduku litoke, na akalale Pangani siku saba. Hakutaja macho, macho tuliyataja sisi. Alikasirika kidogo, akasema anaona vizuri, na mjukuu wake aliyekuwa kando akasema bibi jana ulitia chumvi kwenye chai. Tumempeleka. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, amepangiwa tarehe ya upasuaji, na sehemu kubwa ya fedha tumeitenga kwa hilo na kwa nauli ya atakayemsindikiza. Waliotaka kitenge wamenunua doti moja ya kanga, wameridhika. Kitabu cha mambo aliyotufanyia kimefika kurasa 19, nimemsomea tatu, ya nne akasema inatosha, mambo mengine yalikuwa siri za watu.

Mweka hazina mpya ni binti wa miaka 29 anayeuza mihogo stendi. Anahesabu kwa kasi mno na Shangazi amemwambia hivyo mara kumi.

Jumamosi iliyopita Shangazi alirudi kutoka Pangani, ameleta samaki wa kukaanga, akakaa mkekani na sisi wengine. Binti akauliza, "Tulifunga na ngapi?" Watu tukanyamaza, na yule mtoto bila kuogopa akamnyooshea yeye kidole. Shangazi hakujua. Wiki ile hakuwepo. Mwenyekiti akaanza kusema huyu tumsamehe, alikuwa na ruhusa. Shangazi akafungua fundo la kanga, akatoa shilingi 200, akaziweka mbele ya sanduku, akanigeukia.

"Katibu, umeandika?"

Nimeandika.