Naomba ushauri: kutengeneza gemu kwa saa 48 ili kuchangia wodi ya watoto

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni vijana wa Dar es Salaam tunaotengeneza magemu ya simu na kompyuta baada ya kazi zetu za kawaida. Tunakusudia kujifungia mwisho wa juma, tutengeneze gemu dogo, tuliuze, na mapato yote yanunue vifaa vya wodi ya watoto ya hospitali ya wilaya. Mwenzetu anashikilia kwamba gemu la haraka halinunuliki, afadhali tulifanyie kazi kwa miezi kadhaa. Je, haraka hii ina faida, na fedha zipitie wapi ili tusitiliwe shaka?

FundiMsimbo
Mkuu, mwenzenu ana hoja, ila anapima ubora wa gemu ilhali wachangiaji hulipia jambo jingine: kushuhudia gemu likitengenezwa kwa ajili ya msaada. Februari 2012 kampuni ya Mojang ya Sweden, waliotengeneza Minecraft, ilishirikiana na Humble Bundle, wauzaji wa magemu mtandaoni wanaochangia misaada, kutengeneza gemu la Catacomb Snatch kwa saa 60. Mashabiki ndio waliopiga kura kuchagua mada, wakatoa mchanganyiko wa ajabu wa Misri ya kale na mashine za mvuke. Kazi ikarushwa mubashara, na kila mnunuzi akajipangia bei. Zilipatikana zaidi ya dola 400,000 kwa ajili ya mashirika ya misaada, na wengi walilipa gemu likiwa bado halijakamilika. Ninyi hamna jina kama lao, kwa hiyo msitarajie fedha za namna hiyo. Lakini mkijificha miezi kadhaa mtapoteza hata hao watazamaji wachache. Tumieni Godot, programu ya kutengenezea magemu ambayo haina ada, na mtangaze kila hatua.

MamaHesabu
Naomba nijibu la fedha, kwa sababu ndilo litakalowaponza. Zungumzeni kwanza na uongozi wa hospitali, mpate barua inayotaja vifaa vinavyohitajika na akaunti ya kupokelea, kisha barua hiyo iwekwe kwenye ukurasa wa gemu. Mkiuza kupitia itch.io, jukwaa la kuuzia magemu mtandaoni, mnunuzi hulipa kwa kadi au PayPal, na muuzaji ndiye anayeamua jukwaa hilo lichukue asilimia ngapi; mnaweza kuweka hata sifuri. Mtu mwenye M-Pesa pekee atabaki nje, hivyo ombeni hospitali itoe namba yake ya malipo. Fedha za michango zisipite kabisa kwenye simu ya mmoja wenu, hata akiwa mwaminifu kiasi gani.

Mwanakindakindaki
Mimi sioni ulazima wa gemu jipya. Mwezi Juni 2020, itch.io ilikusanya kazi za wabunifu zaidi ya elfu moja katika furushi moja la kupigania haki za watu weusi Marekani, kwa bei isiyopungua dola 5, na zikapatikana zaidi ya dola milioni 8. Nyingi zilikuwa kazi zilizokwisha kutengenezwa. Waombeni wabunifu wengine wa hapa nyumbani wachangie magemu yao.

FundiMsimbo
Furushi ni wazo zuri, ila halipingani na saa 48: gemu jipya ndilo litakalowaita watu, hayo mengine yawaongezee sababu ya kulipa zaidi.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Tunaanza na barua ya hospitali. Tarehe tutaitangaza hapa baada ya kuipata. MamaHesabu, je, gharama za bando la kurushia matangazo tuzikate kwenye mapato?

MamaHesabu
Hapana. Mmeahidi mapato yote, basi bando lilipeni wenyewe.