Alhamisi ni ya Rehema

JUMAPILI

*Zuhura amebadilisha jina la kikundi kuwa "ALHAMISI NI YA REHEMA"*

Zuhura: Hamjambo wote. Jina nimebadilisha makusudi ili kila anayefungua simu alione. Alhamisi saa tatu asubuhi Rehema anaonana na daktari bingwa wa mifupa kwa ajili ya ule mkono wake wa kulia na nyie mnajua hiyo nafasi tumeisotea vipi, sasa nataka vitu vitatu tu, gari, mtu wa kubaki na watoto wake, na ile kadi ya kliniki ya alipozaliwa. Tuanze na gari. Hamisi?

Zuhura: Hamisi

Zuhura: Naona umesoma

Idi: Kasoma kwa macho, akilini bado haijafika 😂😂

Zuhura: Idi leo sitaki

Shangazi Mwajuma: Hivi miaka 43 yote hiyo leo ndo mmeuona mkono? Kasoma nao kaolewa nao kazaa nao. Mwacheni apumzike

Zuhura: Shikamoo shangazi. Hakuna aliyemlazimisha, kaomba mwenyewe

Shangazi Mwajuma: Marahaba. Mi nasema tu

Idi: Mnakumbuka alivyokuwa anatudakia mpira kwa mkono mmoja, mi na yangu miwili ulikuwa unanipita

Salma: Mjomba wewe ulikuwa unafumba macho, mama kashatuhadithia 🤣

Idi: Uongo huo nani kasema

Zuhura: JAMANI GARI

Rehema: Naandika taratibu mnisamehe, siku hizi hata wa kushoto unauma. Ndo kilichonipeleka, sio huu wa kulia, huu nimeuzoea. Miaka yote ndoo kushoto mtoto kushoto kufua kushoto, sasa na wenyewe umechoka, na bega la kulia usiku linasaga kama kuna mchanga ndani, nikilalia upande huo naamka. Yule daktari wa kwanza aliniuliza mbona hujaja mapema nikakosa la kumjibu. Nilikuwa najua ni mkono tu umezaliwa hivyo, sikujua kama una jina

Zuhura: Salma waeleze, mi nikieleza wataniona mkali

Salma: Shikamooni. Huko chuoni tumelisoma mwaka huu na nilivyokuwa nasoma nilikuwa namuona mama mdogo tu. Shingoni kunatoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu kwenda mkononi. Mtoto kichwa kikishatoka halafu bega likanasa nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, kichwa kikivutwa kwa nguvu ile mishipa inatanuka au inakatika kabisa. Yeye ni miwili ya juu ndo iliyoumia, ndo mana vidole vinashika vizuri ila bega halinyanyuki na kiganja hakigeuki kutazama juu. Wanaita kupooza kwa Erb, daktari Mjerumani aliyeuandika mwaka 1874, ila Duchenne Mfaransa alishaueleza 1872

Idi: Kumbe dada miaka yote unatembea na mkono wa Kijerumani hutuambii 😂

Rehema: 😂😂 ndo mana hausikii Kiswahili

Zuhura: Sawa mmecheka. Salma malizia, wanaweza kumfanyia nini

Salma: Mishipa yenyewe kuiunga saa hizi haiwezekani, hiyo wanafanya akiwa mchanga, miezi ya mwanzo, kwa sababu msuli ukikaa mwaka mmoja na nusu hivi bila mshipa unakufa haupokei tena. Ila kwa mtu mzima bado kuna mambo. Wanaweza kuhamisha kano ya msuli mzima ikafanya kazi ya ule uliolala, au kukata mfupa wa juu wa mkono wakauzungusha ukaunga vizuri, na kuna mazoezi tiba, na dawa za maumivu, na kumfundisha kuupumzisha wa kushoto. Inategemea picha zitaonyesha bega limelika kiasi gani. Ndo mana kadi muhimu, daktari atataka kujua ilikuwaje siku ile

Rehema: Mi sitegemei uwe kama wa mtu mwingine jamani msije mkanitia tamaa. Nataka nilale. Na kama inawezekana ninawe uso kwa mikono miwili, sijawahi hata siku moja

Zuhura: Mama kadi?

Zuhura: Mama nimeuliza kadi

Shangazi Mwajuma: Kadi ya nini tena wakati ilivyokuwa inajulikana. Wakati ule walisema aliyezaa alibana miguu hakusukuma, nikilisema naambiwa shangazi ana maneno

Zuhura: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura: Nimefuta kwa heshima yako shangazi ila utanisikia. Hiyo "alibana" mama kaimeza toka mi nina miaka saba, nilikuwa naisikia jikoni kwenye kila shughuli na yeye anainama tu anaendelea na kazi. Salma kasoma, bega kukwama hakuna anayeweza kulijua kabla kwa uhakika na mama hana kosa lolote. Leo liishe

*Salma amejibu: ❤️*

JUMATATU

Tatu: Shikamooni, Tatu hapa, namwandikia Bibi. Nimemsomea yote ya jana akanyamaza mpaka asubuhi ndo kaniita, kasema niandike kama anavyosema nisipunguze

Tatu: "Mwajuma mwanangu hukuwepo. Mimi nilikuwa mlangoni na mlango haukufungwa. Kichwa kilitoka kikasimama. Wawili wakapanda kumkandamiza tumboni na mmoja akavuta kichwa, nikalisikia bega kwa masikio yangu. Mke wa mwanangu hakubana. Mtoto alikuja bluu, mkono unaning'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Wakaniambia mama kabana, nikaogopa kubishana na wenye kazi yao, nikaliacha likatembea miaka 43. Hilo ni langu sio lako. Mama Zuhura unisamehe. Mpelekeni mtoto."

Salma: 😭

Idi: Bibi

Shangazi Mwajuma: Nimekusikia mama

Mama: Kadi ninayo

Mama: Niliwaambia imepotea tulipohama, haikupotea. Iko chini kwenye sanduku langu. Imeandikwa kilo 4 na nusu, mkono wa kulia dhaifu, arudi baada ya wiki mbili. Sikurudi. Nilijua wataniambia lile lile mbele za watu

Rehema: Mama alhamisi uje na mimi, uingie ndani kabisa kwa daktari

Rehema: Nakuomba

JUMANNE

Hamisi: Nimesoma yote toka juzi nilikosa pa kuanzia. Gari iko gereji, fundi anasema jumatano jioni itakuwa tayari nikimsimamia. Rehema yale ya ngazi mi bado nayo, mama aliniambia mshike mkono huu, nikashika ule mwingine

Rehema: Hamisi tulikuwa watoto. Nilishasahau mi

Hamisi: Mi sijasahau

Zuhura: Fundi akichelewa? Nataka jibu la pili. Na watoto?

Idi: Watoto wanibakie mi mpaka saa saba, baada ya hapo nna zamu siwezi kukwepa

Zuhura: Kuanzia saa saba nani?

Zuhura: Mko kumi na nne humu ndani

Shangazi Mwajuma: Watoto waniletee mimi. Kama Rehema ataridhia

Zuhura: Rehema?

Rehema: Ngoja nifikirie shangazi, ntakupigia

Zuhura: Na mama hujamjibu Rehema, unaingia ndani au unakaa nje?

Mama: Nikiulizwa nilisukumaje nitajibu nini

Salma: Bibi hawatakuuliza hivyo, wataangalia mkono

Mama: Kadi nimeifunga kwenye kitambaa. Hamisi akija ataikuta mezani

Zuhura: Mama kadi ataichukua Hamisi, wewe je?