Dodoma: nawezaje kujua umri wa duka la vyakula lililokwisha kufungwa?

Binti wa Kaunta

Mbukwenyi wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimekaa kaunta ya supamaketi ndogo huku Area C miaka sita, hadi ilipofungwa mwaka jana. Siku ya mwisho tulibaki watatu. Tuliteremsha bidhaa kwenye rafu tukazipanga kwenye katoni, mwenye duka akatugawia sabuni na chumvi zilizobaki, jioni fundi akaja kung'oa bango. Kesho yake nilipita na bajaji nikaona ukuta mtupu, na pale bango lilipokuwa pamebaki mstatili mweupe. Mwezi haukuisha, pakawa duka la vifaa vya umeme. Nililia, siwafichi. Watu wa mtaa mzima walikuwa wanakuja pale saa tatu usiku kununua maziwa ya watoto, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba duka lile lilikuwepo.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada nazunguka na simu na kauntabuku. Mpaka leo nimeandika maduka 43 ya Majengo, Uhindini, Makole, Chang'ombe na Kikuyu, mengine yakiwa wazi na mengine yaliyokufa. Napiga picha, nachora duka lilivyopangwa ndani, naandika kinachouzwa.

Ninachokifuatilia zaidi ni mteja alisimama wapi na bidhaa ilikaa wapi. Maduka ya zamani ya Uhindini yana meza ndefu ya mbao, muuzaji nyuma yake, na nyuma ya muuzaji rafu zinazopanda hadi darini. Unasema "nipe robo ya sukari", anapima, anafunga. Kwa Mangi wa mtaani kuna nondo, unapitisha hela kwenye kidirisha. Supamaketi unaingia mwenyewe, unashika, unasoma tarehe, unarudisha. Mama mmoja wa Nkuhungu aliwahi kuniambia mara ya kwanza kuingia kwetu aliogopa kugusa kitu, akasubiri ahudumiwe. Nataka hilo liandikwe.

Nimekwama mahali pawili. Kwanza umri: wengi wananijibu "la siku nyingi" basi. Pili, naambiwa hapa mjini palikuwa na maduka ya RTC, ile kampuni ya biashara ya mkoa, lakini sijui jengo lake nilitambueje. Tena nikiuliza "hapa palikuwa grosari?" kila mtu ananionyesha palipouzwa bia. Niulizeje?

Brashi Mbili

Dada, hongera sana. Mimi ni mchora mabango, nimeshika brashi tangu 1996, na maduka mengi ya Majengo yamepita mkononi mwangu. Umri wa duka usome kwenye namba ya simu.

Ukikuta bango lililochakaa lina 0744, 0741 au 0748, yaelekea ni la zamani, ila angalia na rangi yake, maana siku hizi namba za 074 zimerudi kutumika. Zile za zamani zilikuja kubadilishwa zikawa 0754, 0713 na 0784. Na kwa kuwa 0744 ilikuwa ya Vodacom, na Vodacom ilianza nchini mwaka 2000, ukutani penye 0744 hapawezi kuwa pa kabla ya hapo. Ukiona namba ya mezani peke yake na S.L.P., yaelekea ni pa zamani zaidi, ila usilichukue hilo kama hakika, kuna wazee hawakutaka kuandika namba za mkononi.

Rangi tunapaka juu ya rangi, mara chache sana mwenye duka analipia kukwangua. Kwa hiyo jina la zamani liko pale pale chini. Nenda asubuhi sana au jioni jua likiwa la ubavuni, utaona herufi zimevimba. Au nenda mvua ikishanyesha, kuanzia Desemba hadi Aprili, ukuta ukiwa bado umelowa. Nimewahi kusoma majina matatu kwenye ukuta mmoja.

Angalia pia vibao na leseni kuukuu zilizosahaulika kwenye msumari. Kikisema "Manispaa ya Dodoma" ni cha kabla ya tarehe 26 Aprili 2018, tulipokuwa Jiji.

Na grosari usiulize. Uliza "duka la mahitaji".

Mzee wa Bohari

Marahaba mwanangu. Nimesoma maneno yako mara mbili.

Nilikuwa mtunza bohari wa RTC, Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Nikueleze utaratibu, maana bila utaratibu jengo halitakuambia kitu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara ya kuagiza na kusambaza bidhaa ilishikwa na Shirika la Biashara la Taifa, STC. Miaka ya sabini kazi ile ikagawanywa, kila mkoa ukapata kampuni yake. Bei hatukupanga sisi, ilipangwa na Tume ya Bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi. Watu wengi waliumia, kwa sababu duka la mtu lilifungwa leo na la ushirika lilikuwa bado halijapata mzigo.

Baada ya vita ya Kagera bidhaa zilikauka. Mzigo ukifika bohari, sukari, sabuni, khanga, mafuta, hauuzwi hivi hivi. Afisa biashara anatoa kibali, duka linapewa mgao, na huko mtaani balozi wa nyumba kumi ana orodha ya kaya. Ndiyo maana utasikia wazee wakisema "duka la kaya". Foleni ilianza usiku. Mtu aliacha jiwe au ndala mahali pake akarudi kulala, na jiwe liliheshimiwa. Kuna mama mmoja alikuwa na jiwe jekundu la duara, nililifahamu kuliko sura yake.

Sasa jengo. Bohari letu lilikuwa na jukwaa la saruji mbele, urefu wa kiuno, sawa na bodi ya lori, ili gunia livutwe lisibebwe. Madirisha yalikuwa juu, madogo, yenye wavu. Mlango wa mabati wa kuvuta kwa pembeni. Likiwa limegeuzwa kanisa au gereji, jukwaa hawalivunji, ni gharama. Tafuta jukwaa.

Jambo moja ulitazame. Mwaka ulioandikwa kwa saruji juu ya mlango kule Uhindini ni mwaka wa jengo, si wa duka. Jengo moja laweza kuwa limeuza vitambaa, likawa la ushirika, likawa la simu. Usiandike "duka la mwaka fulani" kwa kusoma ukuta tu.

Na usiwaulize wazee "mwaka gani". Waulize walisimama wapi kwenye foleni. Watakuonyesha kwa mguu.

Mrangi wa Kondoa

Kazi nzuri dada. Nawe usiishie mjini. Kongwa palikuwa na mpango wa karanga wa Waingereza kuanzia 1947 hadi 1951, na penye mishahara hufuata maduka. Nenda ukaulize wenyeji mahitaji yalinunuliwa wapi.

Ila omba ruhusa kwanza. Mimi nilipiga picha duka moja barabarani, mwenyewe akadhani nimetumwa na watu wa kodi, nusura tushikane. Sasa naingia nanunua kitu, naeleza, ndipo natoa simu. Jina la mwenye duka siandiki bila yeye kukubali. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, pia inaruhusu kuweka alama ya duka lililofungwa, isibaki kwenye daftari lako peke yako. Daftari likilowa je?

Binti wa Kaunta

Mzee wangu, asante sana. Nimeusoma ujumbe wako kwa sauti nyumbani, mama akaacha kuchambua mchele. Kumbe naye alikuwa anatumwa na bibi kwenda kuweka kikapu usiku. Miaka yote hajawahi kunisimulia.

Brashi Mbili, kwenye njia zako za kujua umri nimeongeza mifuko. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019 supamaketi nyingi zilikuwa na mifuko ya rambo yenye jina la duka na namba za simu. Ilipopigwa marufuku watu walitupa, lakini chini ya magodoro na kwenye masanduku ya nguo bado ipo. Nimepata ya maduka manne ambayo hayapo tena. Risiti za mashine nazo zina tarehe, saa na jina la duka, ila karatasi ile inafifia, yangu ya mwaka wa kwanza kazini haisomeki kabisa. Mwenye nazo azipige picha leo.

Mrangi, nimekuelewa kuhusu ramani. Nitaweka mahali duka lilipo, si picha za ndani, mpaka wenyewe wakubali.

Jumamosi alfajiri nilikwenda Majengo na chupa ya maji, kwenye duka moja ambalo sasa ni la kunyolea nywele. Niliomba ruhusa, kijana mwenye saluni akanisaidia kumwagia ukutani. Chini ya rangi ya bluu ilitokea nyekundu: DUKA LA MAHITAJI, MCHELE, UNGA, MAFUTA YA TAA, na 0744 pembeni. Zilipokauka hazikuonekana tena, lakini picha ninayo. Ni namba 44 kwenye kauntabuku.

Mzee wa Bohari, nikija na mama Jumapili utatuonyesha lile jukwaa?

Mzee wa Bohari

Njooni saa kumi, jua likipungua. Mwambie mama yako aje na kikapu.