Magazini za ziada: za chuma au za plastiki?

Mwana_Igoma: Wakuu, habari za jioni. Nataka kuongeza magazini mbili za bastola (vile visanduku vya kujazia risasi). Muuzaji ana za chuma na za plastiki, za plastiki bei chee. Nichukue zipi? Nipo Mwanza.

Mzee_wa_Shabaha: Bastola gani? Hii ni sawa na kuuliza bei ya tairi bila kusema ni la baiskeli au la fuso. Taja aina, kaliba (unene wa risasi yake), na kama magazini ni za kiwanda au za kuigiza.

Kirumba22: Chuma tu, mkuu. Bastola za CZ 75 na Beretta 92, magazini zake zote bati. Ukuta mwembamba, ukibonyeza kitufe inadondoka yenyewe. Plastiki inavimba.

Mzee_wa_Shabaha: Iliyovimba ni magazini ya zamani ya bastola ya Glock, bati halikuzunguka ndani yote, ukiijaza inatanuka na haidondoki. Za baadaye zina bati pande zote. Tazama midomo (kingo za juu zinazoshikilia risasi) na springi, hapo ndipo ubovu unapoanzia. Kuna moja ya kuigiza ya Glock 17 nimeikagua: kwa macho huitofautishi na halisi. Midomo ilikuwa imetanuka kidogo tu kupita kawaida, lakini risasi mbili zinataka kupanda kwa pamoja, slaidi (chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma) inakwama katikati. Kibao kinachosukuma risasi kikainama mbele, pua ya risasi ikagonga chini ya mlango wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Springi nayo legevu: risasi zimeisha, slaidi haibaki nyuma. Bei chee hiyo.

Nyakato_Kwetu: Springi zinakufa kwa kuachwa zimejazwa. Toa risasi kila usiku.

Mzee_wa_Shabaha: Hapana. Springi nzuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa kila siku, yaani hicho unachoshauri. Ila ikikataa risasi ya mwisho, usiilazimishe.

Kirumba22: Na mafuta?

Mzee_wa_Shabaha: Ndani usiweke. Vumbi la huku likikutana na mafuta ni uji. Hakikisha haina risasi, bonyeza kitufe cha kitako cha magazini, telezesha kitako huku dole gumba limezuia springi isikurukie usoni. Futa kwa kitambaa kikavu, rudisha springi upande uleule ilikotoka. Za chuma, nje paka mafuta kiduchu; unyevu wa ziwa hauzisamehi.

Mwana_Igoma: Samahani wakuu, ni Glock 19.

Kirumba22: Sasa umeongea! Za kiwanda za Glock ni plastiki yenye bati ndani, kumbe za chuma alizonazo muuzaji huenda ni za bastola nyingine kabisa.

Mzee_wa_Shabaha: Ya Glock 17 ya kaliba hiyohiyo inaingia kwenye 19, itachungulia tu chini. Ya 19 kwenye 17 ni fupi, haifiki. Zitie namba kwa kalamu ya wino mzito, moja ikisumbua uijue.

Nyakato_Kwetu: Na ala ya ngozi je? Jasho la mchana linaingia humo.

Kirumba22: Ngozi ndiyo inayoleta kutu, mimi natumia ya plastiki ngumu.

Nyakato_Kwetu: Leo plastiki imekuwa nzuri?