Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi Hispania, desturi gani iliwatoa jasho?

Jogoo la Ilala
Wakuu, jana nimeona zabibu zimepangwa sokoni nikaanza kucheka peke yangu, muuzaji akaniangalia vibaya. Nilikumbuka Madrid, usiku wa tarehe 31 Desemba. Nchi nzima inaikodolea macho saa ya Puerta del Sol, wengine pale pale uwanjani, wengine kwenye TV. Kila mtu ana zabibu 12, kengele ikilia unabugia moja. Mama mwenye nyumba alinionya: kuna kengele za utangulizi zinalia mbili mbili mara nne, hizo usile! Sawa, nikasubiri. Ilipofika ya saba mashavu yamejaa, mbegu zinanikwaruza koo. Wenzangu wanapigana mabusu ya mwaka mpya, mimi nahema kwa pua. Mwageni na yenu.

KopoTupu
Mzee, zipo za kopo, zimemenywa kabisa, 12 kwa 12. Wenyeji wenyewe wananunua.

Mtu wa Ng'ambo
Mimi ni mabusu. Unatambulishwa kwa dada wa watu, hujashika hata jina lake, tayari shavu limeshafika. Halafu ya pili. Nimelelewa Unguja mimi, mwanamke wa watu nampa salamu kwa mbali. Ofisini nilikuwa naingia na boksi mikononi makusudi.

Dada Mkavu
Weka mkono kifuani, tabasamu, sema jina lako. Walielewa vizuri tu.

KopoTupu
Hapo watakuona unaringa. Toa mkono mapema kabla hajasogea.

Dada Mkavu
Unamfundisha nani? Mimi nimeishi na ushungi wangu Granada, wewe umekaa wapi?

KopoTupu
Alicante. Haya yaishe.

Wafula wa Bungoma
Njaa jameni! Nimealikwa lunch ya Jumapili kwa wakwe, Valencia. Mimi najua mchana ni saa sita, kwa hivyo asubuhi sikula. Saa nane ndio baba mkwe anawasha moto wa kuni. Paella, ule wali wao, imeiva saa tisa na kitu. Inawekwa katikati ya meza na karai lake, kila mtu na kijiko cha mbao anakula upande wake, kama sinia la biriani kwa arusi. Nyama ni sungura na kuku, hakuna samaki, na usithubutu kumuuliza mzee samaki wako wapi. Nikadhani tukimaliza tunaenda nyumbani. Wapi! Kahawa ikaja, pombe ndogo ndogo zikaja, stori za mjomba aliyehamia Ujerumani zikaja. Hakuna anayesimama. Jua lilituzamia mezani, na mama mkwe akauliza tunataka kula nini usiku.

Jogoo la Ilala
Hahaha, na hicho cha usiku ni saa nne. Na paella usiku hawali, utachekwa.

Nondo Kumi
Ndiyo maana uchumi wao uliyumba. Mchana wanalala, maduka yamefungwa.

Wafula wa Bungoma
Nani amekwambia wanalala? Duka linafungwa saa nane linafunguliwa saa kumi na moja, kisha yule mama anauza mpaka saa mbili, saa tatu usiku. Huyo ni mvivu? Halafu wengi mjini wanafanya kazi mfululizo, kulala mchana ni ndoto tu kwao.

Profesa Njaa
Na saa zenyewe zina hadithi. Mwaka 1940 Franco, dikteta wao, alisogeza saa za nchi mbele zikalingana na za Ujerumani, hazikurudishwa hadi leo. Kwa jua walitakiwa kuwa sawa na Uingereza. Kiangazi saa tatu na nusu usiku bado kweupe, watoto wanacheza mpira uwanjani. Mtu atakula saa ngapi?

Chuma cha Mjerumani
Nyie wote hamjaona kitu. Nilitoka Málaga na basi kwenda Sevilla, wiki ya Pasaka, Alhamisi usiku. Hakuna aliyeniambia chochote. Najivuta na begi kutafuta nyumba ya rafiki, kila mtaa umefungwa, watu wamejaa lakini kimya. Mara taa za barabarani zikazimwa. Nikachungulia juu ya vichwa vya watu: wanakuja wanaume kwa safu, kanzu nyeusi, kofia ndefu zilizochongoka, uso wote umefunikwa, matundu mawili tu ya macho. Kila mmoja na mshumaa. Wengine peku. Hakuna ngoma, hakuna neno. Mimi mweusi peke yangu kwenye kona ile, na picha za wale wabaguzi wa Ku Klux Klan wa Marekani, wenye kofia kama hizo, nimeziona tangu shule! Miguu iligoma. Nyuma ya safu likaja jukwaa kubwa lenye sanamu ya Bikira Maria na mishumaa kibao, linatembea LENYEWE, kumbe wabebaji wako chini, unaona viatu tu vinakokotwa. Mzee wa mbele akagonga nyundo, jukwaa zima likanyanyuka kwa mkupuo. Nilimkamata bibi mmoja mkono, simjui hanijui. Hakushtuka. Akaniambia "tranquilo, hijo", yaani tulia mwanangu. Pembeni yake mjukuu ana donge la nta, akamnyooshea mmoja wa wale wenye kofia. Yule mtu akainama, akainamisha mshumaa, akamdondoshea nta kwenye donge, akaendelea na safari yake. Basi roho ndiyo ikarudi.

Dada Mkavu
Nimecheka hadi machozi. Donge kila mwaka linaongezwa, watoto wanashindana nani lake kubwa. Na maandamano mengine wanagawa pipi.

Nondo Kumi
Bado ni ubaguzi, waache kofia hizo.

Profesa Njaa
Kofia hizo zilikuwepo karne nyingi kabla ya hao wa Marekani. Ni mavazi ya toba.

Kibarua wa Almería
Kama ni ubaguzi, njooni kwenye Wafalme Watatu, wale mamajusi wa Yesu mchanga wanaowaletea watoto zawadi. Tarehe 5 Januari wanaandamana wakirusha pipi, Baltasar ni mweusi, na sehemu nyingi mzungu alikuwa anapakwa masizi. Kijijini nilikochuma nyanya walinifuata mimi. Nikavaa taji, watoto wakaniletea barua zao. Mmoja alinishika mkono akausugua, akamgeukia mama yake: huyu ndiye wa kweli!

Nondo Kumi
Wamekutumia.

Kibarua wa Almería
Walinitumia kwenye nyanya. Siku ile nilipanda farasi.

Bado Sijafika
Wakuu, nahamia huko kusoma. Siendi kuoa jamani, nataka kujua tu: vipi birthday?

Jogoo la Ilala
Ukizaliwa wewe, unalipa wewe. Kahawa za ofisi nzima.

Wafula wa Bungoma
Na wanakuvuta masikio, moja kwa kila mwaka. Ficha umri.

KopoTupu
Uongo, mimi walinilipia.

Dada Mkavu
Walikuhurumia. Mdogo wangu, Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, kinakuja na kitu cha kutafuna bure. Uliza kwanza kama kuna nguruwe. Na sandwichi ya "mboga" mara nyingi ina jodari na yai ndani.

Bado Sijafika
Jodari nakula. Nguruwe je, nikikosea?

Mtu wa Ng'ambo
Ingia na boksi mikononi.