Mjadala: Ada za wahasibu zinazidi kupanda. Je, ziwekewe ukomo kwa makandarasi wadogo, waliosajiliwa katika madaraja ya chini?

Mkandarasi wa majengo, daraja la saba (la chini kabisa), Morogoro (mwanzisha mada)

Makandarasi wenzangu, na ninyi wahasibu mlio humu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Mwaka 2021 nilimlipa mhasibu wangu shilingi 700,000 kwa kuandaa hesabu za mwaka, kuzikagua na kuwasilisha ritani ya kodi ya mapato. Mwaka jana alidai 1,100,000. Mwaka huu ankara imekuja ya 1,600,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambayo mimi siwezi kuirejesha popote kwa sababu mauzo yangu hayafiki milioni 200 na sijasajiliwa. Kazi nilizopata katika mwaka huo ni madarasa mawili ya shule ya msingi na choo cha zahanati, basi.

Kwamba hesabu zinahitajika, hilo sina ubishi nalo. Sheria ya Makampuni ya 2002 inataka kampuni yangu iwe na mkaguzi, TRA, mamlaka ya mapato, inataka ritani ya kampuni ithibitishwe na mhasibu mwenye sifa, na nikitaka kuomba kazi kubwa kidogo kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, naulizwa hesabu zilizokaguliwa. Maana yake ni kwamba mimi ni mteja kwa amri ya sheria. Siwezi kusema bei ni kubwa nikaondoka, kama ninavyofanya kwa muuza saruji. Mawakili wana amri ya mwaka 2015 inayopanga viwango vya malipo yao. Kwa nini NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, isiweke ukomo wa ada kwa makandarasi wa daraja la tano hadi la saba?

Mhasibu mwenye leseni ya kutoa huduma kwa umma, Dar es Salaam

Ndugu yangu wa Morogoro, malalamiko yako nimeyasoma kwa makini, nami nitayajibu kwa kukueleza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu naona ankara imesomwa lakini kazi iliyo nyuma yake haijaonekana.

Mteja wa kawaida wa daraja lako huniletea mfuko wa rambo wenye risiti za miezi kumi na miwili katika wiki ya pili ya Juni, ilhali ritani ya mwaka unaoishia Desemba inatakiwa kufika kabla ya Juni kwisha. Ndani ya mfuko huo, risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, za nondo na saruji zipo, nyingine zimefifia mpaka hazisomeki. Za mchanga, kokoto na mawe hazipo kabisa, kwa kuwa aliyeuza ni mwenye lori aliyelipwa mkononi pale saiti. Za vibarua kuna daftari lenye majina ya utani na alama za vema. Sasa mimi nifanye nini? Gharama isiyo na risiti halali TRA wataikataa, na ikikatwa, faida kwenye karatasi inavimba na mteja anatozwa asilimia 30 ya fedha ambayo hakuipata. Kwa hiyo natumia siku kumi nikipiga simu, nikitafuta nakala, nikilinganisha daftari na taarifa ya benki. Siku hizo kumi ndizo unazozilipia. Ukaguzi wenyewe huchukua siku mbili au tatu.

Ongeza na haya: ifikapo tarehe 7 ya kila mwezi kodi ya mishahara inatakiwa, ukifikisha wafanyakazi kumi, tozo ya kuendeleza ujuzi inaanza, WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5, michango ya pensheni ya NSSF haisubiri, na aliyesajiliwa VAT ana tarehe 20. Mkandarasi anaruka kutoka watu wanne hadi thelathini siku ya kumwaga zege la slabu, kisha anarudi wanne. Nani anayafuatilia hayo?

Kuhusu ukomo, mimi naupinga waziwazi. Ukiniwekea ada ya chini ya gharama yangu, sitafanya kazi hiyo. Itafanywa na yule anayegonga mhuri bila kufungua kitabu, naye yupo, sote tunamjua. Halafu niseme jambo ambalo huenda lisikupendeze: umesema mtu mmoja aliziandaa hesabu zako na akazikagua yeye mwenyewe. Hapo hukupata ukaguzi, hata kama bei ilikuwa nafuu.

Mkandarasi wa barabara, daraja la tano, Mwanza

Mimi ni mwanamke katika kazi hii ya moramu na makalavati, na nilikuwa upande wa mwanzisha mada mpaka yaliponikuta. Miaka michache iliyopita nilimwacha mhasibu aliyekuwa ghali nikamfuata wa bei poa. Aliandika mauzo ya mwaka kwa kuangalia fedha zilizoingia benki, wakati ritani zangu za VAT zilikuwa zimehesabu hati za malipo zilizoidhinishwa. Tarakimu mbili tofauti, mlipakodi mmoja. TRA waliponiita, sikuwa na jibu, na kile nilichokilipa kwa adhabu na riba kingetosha ada ya yule wa kwanza kwa miaka minne.

Hata hivyo, mhasibu, usijifiche nyuma ya mfuko wa rambo. Mimi nilishauacha zamani. Tuko makandarasi watatu hapa Mwanza, tumemwajiri kwa pamoja binti mwenye stashahada ya uhasibu, anakaa siku mbili kwa kila mmoja wetu, anaingiza risiti wiki ileile zinapotolewa. Vitabu vinafika kwa mkaguzi vikiwa safi, lakini ada haikushuka hata shilingi. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba hicho ndicho kiwango cha ofisi. Kama siku kumi ndizo zilizoifanya bei iwe kubwa, siku hizo zikiondoka bei nayo iondoke. Ukomo siutaki, nataka ankara iliyochanganuliwa, inayoonyesha uandaaji ni kiasi gani, ukaguzi kiasi gani, na ufuatiliaji kiasi gani. Mbona sisi hatulipwi bila mchanganuo wa kazi na vipimo? Mshitiri, yaani mwenye kazi, anatukagua mpaka unene wa plasta.

Mkandarasi wa umeme, Mbeya

Naona mnazunguka. Kenya, katika Sheria ya Makampuni ya 2015, kampuni ndogo zilipewa msamaha wa ukaguzi; Uingereza wanao tangu zamani. Tuombe msamaha huo, na suala la ada litajifia lenyewe.

Mhasibu, Dar es Salaam

Msamaha wa sheria hautamzuia meneja wa benki kudai hesabu zilizokaguliwa unapoomba dhamana ya zabuni, wala taasisi nunuzi kuziweka katika masharti yake. Ungeondoa dai moja kati ya matatu.

Dada wa Mwanza amesema kweli kuhusu mchanganuo, nami sina hoja ya kumpinga. Ofisi nyingi hutoza kwa mazoea, nasi tumo.

Mkandarasi wa majengo, Morogoro (mwanzisha mada)

Nimerudi baada ya siku tatu. Nilifuata ushauri wa dada wa Mwanza, nikaomba mchanganuo kwa maandishi. Mhasibu wangu alinuna kidogo, kisha akautoa. Kati ya zile 1,600,000, uandaaji wa vitabu ni 550,000, ukaguzi 500,000, na 550,000 zilizobaki ameziandika "ufuatiliaji wa kodi ya zuio". Hapo nikashtuka, kwa sababu kuhusu zuio sikuwa nimeambiwa lolote.

Kwa wasiofahamu: halmashauri inapomlipa mkandarasi, kazi hugawanywa kwa uwiano wa 3 kwa 2 kati ya vifaa na huduma, na asilimia 5 ya sehemu ya huduma huzuiwa kwa ajili ya TRA. Hati ya malipo ya milioni 100 ina maana huduma ni milioni 40, na zuio ni milioni 2. Fedha hiyo ni kodi yangu iliyolipwa mapema, na mwisho wa mwaka napaswa kuipunguza katika deni langu. Lakini siwezi kuipunguza bila cheti, na cheti hakitoki mpaka halmashauri iwasilishe ritani yake ya zuio na kuilipa hiyo fedha. Mhasibu wangu alisafiri mara nne, mara mbili wilaya moja na mara mbili nyingine, kudai vyeti vya fedha iliyokwisha kukatwa kwangu. Nauli, siku na posho zake nimezibeba mimi.

Kwa hiyo hoja yangu ya ukomo naiondoa kwa sehemu. Kwa uandaaji wa vitabu, acha soko liamue, kwa kuwa mfuko wa rambo kweli ni wangu. Kwa ukaguzi, bado nashikilia kwamba anayelazimishwa na sheria kununua anastahili kujua kiwango cha juu kabla ya kuingia ofisini. Lakini hizo 550,000 za ufuatiliaji, kwa haki ipi zinakaa katika ankara ya mhasibu na kulipwa na mkandarasi, wakati aliyechelewa ni mshitiri? Sisi tukichelewa kukabidhi jengo tunakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku. Nawaomba wanaojua mikataba watuambie kama kuna mkandarasi yeyote aliyewahi kuidai gharama hiyo kwa halmashauri, aliidai chini ya kipengele gani, na kama alilipwa.

Mkandarasi wa barabara, Mwanza

Mimi nilidai mara moja, kwa barua, nikiambatisha tiketi za basi. Nilijibiwa kwamba barua yangu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Huu ni mwezi wa kumi na tisa.